Ndoo ya Kliniki Imepinda, Ukuta Wangu Umenyooka

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Masikio,
Ghorofa ya pili, mlango unaogoma kufunga.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: OMBI LA KUFUTIWA MAJIBU YA VIPIMO, PAMOJA NA SHAURI DHIDI YA NDOO

Natanguliza salamu nyingi, nikitumaini kwamba wewe na watumishi wako mko wazima, mnasikia vizuri na mnasimama wima. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo hasa linalonishikisha kalamu, kwa sababu karatasi mliyonipa inasema vingine.

Mimi ni fundi mwashi. Hapa mtaani hakuna anayeniita jina nililopewa na baba yangu. Wote wananiita Fundi Jicho, hata watoto wa chekechea. Jina hilo sikulipata bure. Nimelipata kwa kujenga kuta miaka yote hii bila timazi na bila pima maji. Wenzangu hutundika ule uzi wenye kipande cha chuma, wakasubiri utulie, wakachungulia, wakasogeza tofali, wakachungulia tena mpaka chai inapoa. Mimi naweka shavu kwenye tofali, nafumba jicho moja, natazama mara moja, basi. Tena huwa natandaza turubai juu yangu na pande zote hadi chini, ili jua lisinipige na ili washindani wasiniibie ujuzi. Humo ndani tuko watatu tu: mimi, ukuta na mwiko. Nikitoka, ukuta umesimama.

Sasa kisa chenyewe. Baada ya mafua mabaya yaliyonishika juzi juzi, niliamka asubuhi moja nikakuta chumba kinazunguka. Sisemi nilihisi kinazunguka. Nasema kinazunguka. Kabati lilipita, dirisha likapita, mke wangu akapita na kikombe cha chai, halafu kabati likarudi. Nilitapika mpaka nikaona haya. Siku zile za mwanzo sikuweza hata kukaa kitako. Baadaye chumba kilitulia, lakini mimi nikabaki natembea nikivutwa kushoto, kama vile kuna mtoto amenishika shati. Penye giza au mawe mawe ndiyo kabisa, nashika ukuta. Ila kazi haisubiri mafua. Nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa na chumba cha kumalizia, cha binti yetu, ambaye anarudi kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo nilipoweza kusimama tu, niliingia chini ya turubai nikaupandisha ule ukuta wa upande wa uchochoroni mpaka juu.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye amekuwa msaidizi wangu tangu hajaota ndevu, alikuwa kwenye kazi nyingine wakati huo. Aliporudi aliukuta ukuta umekwisha. Badala ya kunipongeza, alitoa timazi mfukoni, kwenye kiwanja changu mimi, akaitundika na kuitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, huu ukuta umelalia uchochoroni. Ukiubebesha paa, paa litamkuta mtoto amelala." Nilimwambia akusanye vyombo vyake aondoke, na akaondoka. Tangu siku hiyo mke wangu anaongea na mimi mambo ya lazima tu: chakula kipo mezani, maji yamekatika, umekanyaga nguo. Na ni yeye aliyenileta kwenu. Tulikubaliana hivi: vipimo vikisema mimi ni mzima, paa linapanda, vikisema mimi ni mgonjwa, ukuta unashuka na shemeji anaombwa radhi. Kwa hiyo unaona mwenyewe, Daktari, kwamba hamkupima sikio peke yake. Mmepima na chumba cha mjukuu wangu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kichwa changu. Kwenye chumba cha vipimo nilimkuta binti mmoja mpole wa sura, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni. Aliniamkia vizuri, shikamoo mzee, nami nikamwitikia marahaba, nikakaa kwa imani. Akaniambia nitazame kitone cheusi kilichobandikwa ukutani na nisikiachie. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, na mara akakigeuza ghafla, kwa kasi ambayo hata kinyozi wangu wa miaka mingi hawezi kuithubutu. Mara kulia, mara kushoto, bila taarifa. Yaani mtu anakupa shikamoo halafu anakugeuza shingo kama kifuniko cha chupa. Nilipolalamika alinieleza kwamba hatazami shingo, anatazama macho. Eti kichwa kikigeuka, sikio la ndani linapaswa kuyaambia macho yabaki pale pale kwenye kitone. Upande wa kulia macho yangu yanabaki. Upande wa kushoto yanaburutwa kwanza na kichwa, kisha yanaruka kurudi kwenye kitone kama mfanyakazi aliyechelewa anayejifanya alikuwepo. Mimi nasema macho ya fundi hayachelewi. Yalikuwa yanakagua ukuta wa chumba chenu, ambao kwa taarifa yako una ufa kwenye kona.

2. Kuhusu maji. Nililazwa, kichwa kikainuliwa kidogo, nikavishwa miwani mikubwa yenye kamera ndani, giza tupu. Kisha nikamiminiwa maji sikioni: ya baridi, halafu ya moto, sikio hili na lile, tukipumzika katikati. Maji siyakatai. Ninachokataa ni hesabu yenu. Sikio la kulia lilipopata maji, kitanda kilianza kuzunguka, nikashika kingo zote mbili na kumwita mama yangu, ambaye ni marehemu. Sikio la kushoto likapata maji yale yale, kwa joto lile lile, nikawa nimelala tu, karibu nisinzie. Sasa hapo mtu yeyote mwenye akili zake angesema sikio korofi ni la kulia. Lakini majibu yenu yanasema la kulia ni zima na la kushoto ndilo limedhoofika. Binti alinieleza kwamba sikio zima likichokozwa kwa maji ni lazima lilalamike na macho yacheze, na lile lisilosema kitu ndilo lisilofanya kazi. Daktari, kwa mtindo huo basi mtoto anayepiga kelele darasani apewe zawadi, na aliyetulia aletwe kwenu na ambulensi.

3. Kuhusu wanawake. Hili naliandika kwa uchungu. Wakati maji yanaingia, binti aliniambia nisilale, akili yangu iwe inafanya kazi, la sivyo macho yatazubaa na kipimo kitaharibika. Ili akili ifanye kazi, akaniomba nitaje majina ya wanawake ninaowafahamu, mfululizo, bila kusimama. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango, mkoba mapajani. Mimi nimo ndani ya miwani, sioni kitu, na dunia inakwenda mbio. Nikaanza. Nilimtaja mwenye duka la saruji. Nikamtaja yule wa rangi na misumari, mteja wangu wa nyumba ya kona, mdogo wake mteja wangu wa nyumba ya kona, muuza chai wa kiwanjani, na mwalimu mmoja aliyefundisha watoto wetu akahama. Binti ananiambia endelea mzee, unafanya vizuri sana. Basi nikaendelea. Tulipofika sikio la kushoto, kwa kuwa lenyewe halikuzungusha chochote, nilipata utulivu wa kuwakumbuka hata wale wa ujanani. Nilipovuliwa miwani nilimkuta mke wangu amekunja mikono. Yeye hakumo. Nilijitetea palepale. Nilimwambia kwamba mtu akiombwa ataje majirani, hajitaji mwenyewe, na kwamba mke si mwanamke ninayemfahamu, mke ni nyumbani. Yalikuwa maelezo mazuri ila yalichelewa. Naomba swali hilo lifutwe, wagonjwa watajishwe miti au vyombo vya jikoni.

4. Kuhusu kupiga hatua. Niliambiwa nifumbe macho, ninyooshe mikono mbele na nipige hatua papo hapo bila kuhama. Nilipiga kwa nidhamu kabisa, na ninaapa sikuhama. Nilipofumbua macho nilikuwa nimegeukia kushoto, nimempa binti mgongo, na nimeukumbatia ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Naomba ichunguzwe ni nani aliyeuhamisha mtungi.

5. Sasa nafika kwenye ndoo, na kama umesimama nakuomba ukae.

Binti aliinama akatoa ndoo chini ya meza. Si chombo cha kitaalamu. Ni ndoo ya plastiki, ya aina ile ile ninayobebea mchanga. Ndani, kwenye kitako chake, wamechora mstari mmoja uliopita katikati. Niliambiwa niingize uso wote humo ndani, nisione dirisha wala mlango wala ukingo wa meza. Yeye ataizungusha ndoo polepole, na mimi niseme basi pale mstari utakaposimama wima. Nilicheka kwa sauti. Nilimwambia, mwanangu, hapa umemuuliza mpishi kama anaijua chumvi. Nikaingiza uso. Akazungusha, nikasema basi, akaandika. Akaanzia upande wa pili, nikasema basi, akaandika. Tulirudia hivyo mpaka jasho likanitiririka puani. Nilipotoa kichwa nikamuuliza kama nimezipata zote. Aliigeuza ndoo akanionyesha mgongo wake.

Mgongoni mwa ndoo, Daktari, kuna kipimapembe cha plastiki cha watoto wa shule kimebandikwa kwa gundi, na katikati yake unaning'inia uzi uliofungwa nati. Uzi na nati! Timazi hiyo! Mna mashine za kila namna, mna miwani yenye kamera, halafu mwisho wa yote mnanihukumu kwa timazi, chombo ambacho sijakigusa tangu nianze kazi. Na uzi huo ulionyesha kwamba kila niliposema mstari umesimama, mstari ulikuwa umelalia kushoto. Si mara kushoto mara kulia, kama mtu anayebahatisha. Kila mara kushoto, na kwa kiasi kile kile. Binti akanieleza, kwa upole ambao sikuupenda, kwamba tukiwa mahali penye milango na madirisha, macho hujisaidia kwa hivyo vitu kujua kipi kimenyooka. Ukiyafungia ndani ya ndoo yasione kitu kingine, yanabaki kuyategemea masikio. Na sikio moja likiwa kimya, jibu linalala upande wake.

Hapo mke wangu aliuliza swali moja. Aliuliza, na chini ya turubai je? Binti hakujua ni turubai gani. Mimi nilijua. Nikasema muda umekwenda, turudi nyumbani.

Msimamo wangu ni kwamba ndoo imepinda. Ndoo za plastiki nazijua, nimeishi nazo. Ukiiacha juani inajikunja, ukiikalia wakati wa chai inapanuka. Na aliyebandika kile kipimapembe, alikuwa amepimwa masikio? Msiponijibu hilo nitaendelea kuamini ninavyoamini.

6. Kuhusu korido yenu, na mji kwa jumla. Nilipotoka chumba cha vipimo, korido ilinisukuma kushoto, nikaugusa ukuta wa kushoto kabla sijafika ngazi, nikaugusa tena. Fundi hapuuzi jambo kama hilo: sakafu yenu imeinamia kushoto. Ngazi nazo, kushoto. Nilipofika barabarani, barabara nayo imeinamia kushoto. Ili nisije nikasingizia watu, niligeuka nikarudi kwenye barabara ile ile, nikitegemea kwamba sasa itainamia kulia. Bado ikawa inainamia kushoto. Daktari, barabara inayoinamia kushoto ukienda na kushoto ukirudi ni uzembe wa uhandisi ambao sijapata kuuona. Kuanzia hapo nilielewa. Ardhi yote ya mji huu imelala. Sasa ukisimamisha ukuta ulionyooka juu ya ardhi iliyolala, ni dhahiri ukuta ndio utakaoonekana umelala. Shemeji hakuliona hilo kwa sababu anatazama uzi badala ya kutazama dunia.

7. Kuhusu ushahidi. Tuseme basi mko sahihi, sikio limekufa, na ukuta umelala. Mbona haujaanguka? Ukuta huo umesimama tangu siku ile. Mvua imeupiga. Umekuja upepo ule wa mchana uliong'oa mabati ya jirani, tukabaki ndani tunayasikiliza yanavyoruka, na nilimwambia mke wangu asikilize vizuri, kwa sababu anasikia mabati ya watu yakiruka, hasikii ukuta wangu ukianguka. Aliinuka, akatoka mvuani, akafunga mlango nyuma yake. Mvua ilipokatika ukuta ulikuwa pale pale. Ukuta uliolala, Daktari, haufanyi hivyo. Huo ndio ushahidi wangu mkubwa, na nauweka mbele ya kliniki nzima nione nani ataupangua.

8. Hili haliwahusu ninyi moja kwa moja, lakini kwa kuwa kalamu iko mkononi nalisema. Mirunda yangu mitatu, ile miti mirefu mizuri niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya jukwaa la kupandishia paa, imepotea kiwanjani. Haikutoka yenyewe. Imepotea siku chache baada ya shemeji kuondoka, na miongoni mwa watu wote wanaoingia kwangu ni yeye tu anayejua kuchagua mrunda usio na fundo. Sijamtaja kwa mtu, natunza heshima ya familia. Mke wangu nilipomuuliza, alichukua beseni la nguo akaenda kuanika. Na huko kuanika nako kumenishinda kuelewa: siku hizi haaniki uani, anaanika uchochoroni nyuma ya ukuta, kwenye giza, na nguo zinakaa kutwa nzima hata zikishakauka. Anajua kabisa siwezi kufika huko, mahali pembamba penye mawe, ningeanguka hatua ya pili. Naona ametafuta mahali ambapo mume hamfuati. Hayo ndiyo mliyoyaleta nyumbani kwangu kwa ndoo yenu.

Baada ya kusema hayo, ninaomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Majibu yangu yaandikwe upya, yaseme kwamba sikio la kushoto ni zima na lina tabia ya utulivu. Ndoo iletwe kiwanjani kwangu, ipimwe kwa ukuta wangu, na kama haitakubaliana na ukuta, ichomwe moto. Wewe mwenyewe umwandikie mke wangu barua yenye muhuri, fupi tu, isemayo kwamba mumewe alikuwa na haki tangu mwanzo. Wakubwa wa mji waarifiwe kuhusu ardhi. Na yale mazoezi mliyoniandikia, ya kutikisa kichwa asubuhi na jioni huku nikitazama kitone, eti ubongo ujifunze upya kusimama kwa kutegemea sikio moja na macho, hayo sitayafanya. Mtu mzima hatikisi kichwa kwa kitone. Nisipopata jibu mapema nitapandisha paa, kwa sababu binti yetu yuko njiani na tumbo limeshashuka.

Nisalimie watumishi wote wa kliniki: mlinzi wa mlangoni aliyenishika mkono nikamwambia sihitaji, na yule mama wa usafi niliyemkanyagia sakafu mbichi upande wa kushoto. Msalimie daktari kijana aliyenitazama ndani ya sikio akasema ni safi, yeye peke yake ndiye aliyeongea ukweli hapo kwenu. Na binti wa vipimo, pamoja na yote, msalimie. Ana mkono mwepesi na amelelewa vizuri, kosa lake ni ndoo tu.

Ndimi, niliyesimama wima kuliko mnavyodhani,

Fundi Jicho

Shahidi: .....................

Nyongeza. Barua ilikuwa tayari, imebaki sahihi ya shahidi. Nilimpa mke wangu asaini. Aliisoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye wanawake alipumua kwa pua, akaendelea. Alipofika kwenye mirunda aliikunja karatasi akasema, "Zunguka nyuma kwanza. Ukirudi nitasaini popote unapotaka." Nilimkumbusha kwamba huko siwezi kufika. Akanipa bega lake.

Tulikwenda hatua kwa hatua, mkono wangu begani kwake. Tulipofika nyuma ya ukuta alizivuta nguo kwenye kamba, shuka moja, ya pili, na ile kubwa ya maua. Nyuma ya shuka ilikuwepo mirunda yangu mitatu. Imeegemezwa kwenye ukuta kwa mshazari, kila mmoja umekaa juu ya kipande cha ubao na kukazwa kwa kabari, na juu imeunganishwa kwa mpira wa tairi kwa lile fundo la shemeji ambalo nimemkataza miaka yote kwa sababu halifunguki. Chini kulikuwa na nyayo zake, mpya juu ya za zamani. Nazijua, kiatu chake cha kulia kimekwisha kisigino. Mke wangu akaniambia kwamba kila asubuhi mdogo wake, kabla hajakwenda kwenye kibarua chake, hupitia hapo, hugonga kabari, huondoka. Siku ile ya upepo, wakati mimi nahesabu mabati ya jirani, ndugu hao wawili walikuwa huku nyuma wameukandamiza ukuta wangu kwa migongo mpaka mvua ilipokatika. Nikauliza, na nguo? Akasema nguo ni za kunisitiri, ili majirani wasione Fundi Jicho ameegemezewa ukuta.

Nilikaa chini kwenye mawe. Hakikuwa kizunguzungu. Nililia, Daktari, nikamwona mke wangu naye anajifuta kwa ile shuka ya maua, safi kabisa, itabidi ifuliwe tena.

Shemeji aliitwa akaja. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri ya kuomba radhi, na nilipofungua mdomo likatoka neno moja tu, shemeji. Naye akanipa nyundo. "Anza wewe," akasema, "mimi nitakushika huku kushoto." Tumeubomoa kuanzia juu, tofali kwa tofali, na mengi yatatumika tena. Jana tumeanza safu ya pili ya matofali. Turubai tumeliweka pembeni. Ametundika timazi, nikaitazama, nikamwambia uzi wake umelala. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka pia, kwa sababu kweli mimi ninavyouona umelala.

Kwa hiyo, Daktari, naomba nafasi ya yale mazoezi, hata kesho. Nitatikisa kichwa kwa kitone chochote mtakachonibandikia. Majibu yabaki yalivyo. Ndoo msiichome, na kama itahitaji nati nyingine ninazo. Nilitaka kuichana barua hii, lakini mke wangu amekataa, amesema iende yote kama ilivyo, mjue mnatibu mtu wa namna gani. Binti yetu amefika salama. Amekuta chumba hakina ukuta mmoja, akatuambia tusiharakishe, atalala chumbani kwa mama yake, na mimi nimehamishiwa kwenye kochi bila malalamiko.

La mwisho kabisa. Kwenye ile orodha ya wanawake, naomba binti aongeze jina moja na aliweke juu ya yote. Ni la huyu aliyesaini hapa chini, ambaye ameniomba niwaeleze kwamba anaishuhudia nyongeza tu, si barua.